Nimeuziwa Zambarau

Wenzangu wakipigwa mjini, wanapigwa kwa vitu vya maana. Mmoja kauziwa kiwanja ambacho tayari kina kanisa. Mwingine kauziwa simu, kufungua boksi anakuta kipande cha sabuni. Angalau sabuni inafulia. Mimi nimeuziwa zambarau. Hela yangu halali ya jasho nimetoa, nikapewa rangi nisiyoiomba, haikwanguki, haifutiki, na kila ninayemwita aje aone anaanza kwa kuniangalia mimi badala ya kuangalia hiyo rangi.

Ngoja nikueleze, najua una haraka na chai yako inapoa. Nilinunua darubini. Siyo ile ya macho mawili wanayovaa walinzi wa mbugani. Hii ina bomba moja, lenzi mbele, jicho unatia nyuma, na inasimama kwenye stendi ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja una maoni yake binafsi. Mtumba, wa Kariakoo. Muuzaji akaniambia nitaona mpaka bendera ya Wamarekani kule mwezini. Nikamwamini. Usicheke. Na wewe ungemwamini, alikuwa amevaa tai. Baadaye ndiyo naambiwa hakuna darubini hata moja hapa duniani inayoweza kuiona hiyo bendera, hata zile kubwa za mlimani zenye vioo vya mita nane. Sasa mimi na bomba langu la milimita 80 nani angetuonyesha?

Usiku wa kwanza bahati ikaniangukia: umeme ukakatika mtaa mzima. Watu wanasonya, jenereta zinakohoa, mimi peke yangu nashangilia kwenye veranda kama nimelipwa mshahara. Anga jeusi, nyota kibao. Mshtarii iko juu pale, inang'aa bila aibu. Nikaielekeza darubini. Nikahangaika na ule mguu wa maoni. Nikaipata.

Jamani. Duara dogo, lina mikanda miwili ya kahawia, na pembeni vinukta vinne vimepanga mstari, ile miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610. Nilitaka kulia. Halafu nikaona pindo. Mshtarii imezungushiwa zambarau pande zote, pana, limekaa sawasawa kama pindo la kanga mpya. Wala si kidogo. Ukitaka kuiangalia sayari, macho yanakwenda kwenye pindo.

Nikasema lenzi chafu. Nikaifuta kwa shati. Usifute lenzi kwa shati. Nikaifuta kwa taulo, ikawa chafu zaidi. Nikapuliza. Sitasema nilichofanya baada ya kupuliza. Zambarau lipo palepale.

Nikageukia mwezi. Balaa. Ukingo wake unaong'aa una zambarau upande mmoja, upande wa pili rangi ya njano ya kijanikijani isiyo na jina. Vile vivuli vya ndani ya mashimo, vinavyotakiwa kuwa vyeusi tii, vimejaa wino. Zuhura ndiyo usiseme. Ile inang'aa kuliko nyota zote, kwa hiyo pindo limekula nguo nzima, sijui sayari inaishia wapi na zambarau linaanzia wapi. Kesho yake mchana nikaangalia dishi la jirani juu ya bati. Nalo lina pindo! Jirani akaniona namchungulia dishi lake. Mpaka leo akipita anafunga pazia.

Nikaenda kwa fundi miwani. Akanisomesha zile herufi mpaka za mwisho, akaniambia, "Macho yako mazima kabisa, mzee." Kisha akakaa kimya kidogo, akauliza kama nalala vizuri.

Wa kuniokoa akawa mpwa wangu, anasoma fizikia chuo. Kaja, kanipa shikamoo, kachungulia mara moja tu, akasema bila hata kuondoa jicho:

"Mjomba, hiyo ni kromatiki aberesheni."

Nikamuuliza inaambukiza?

Akaanza kunifundisha. Mwanga mweupe umechanganywa rangi zote. Ukipita kwenye kioo unapinda, lakini kila rangi inapinda kwa kiasi chake: urujuani unapinda sana, nyekundu inapinda kidogo. Kwa hiyo ukipitisha kwenye lenzi, kila rangi inaenda kukutana kituo chake. Wewe una jicho moja, unaliweka kituo kimoja. Ukiliweka kwenye kijani, ambacho ndicho jicho la mtu linakiona vizuri kuliko rangi nyingine, urujuani hapo unakuwa umetawanyika pembeni. Ndiyo hilo pindo.

"Lakini mjomba, yako siyo lenzi moja. Ni akromati. Lenzi mbili zimebanana, moja kioo cha krauni, nyingine kioo cha flinti. Moja inaharibu, nyingine inarekebisha. Zinaikutanisha nyekundu na buluu kituo kimoja."

"Na zambarau?"

"Zambarau hukuilipia, mjomba."

Hivyo ndivyo watoto wa chuo wanavyozungumza na watu wazima siku hizi.

Kumbe ni msala wa zamani. Newton mwenyewe, yule wa tufaha, alinyoosha mikono. Aliona kioo hakiponi, mwaka 1668 akatengeneza darubini ya kutumia kioo cha kujitazamia badala ya lenzi, maana kioo kinachorudisha mwanga hakitenganishi rangi. Sasa kama Newton alishindwa, mke wangu anategemea nini kwangu? Enzi hizo wazee wengine wa Ulaya walikuwa wanarefusha bomba tu, maana lenzi ikiwa na fokasi ndefu, yaani kile kituo kiko mbali, pindo linapungua. Walirefusha, wakarefusha. Hevelius wa Danzig, ambaye kazi yake ilikuwa kupika bia, alijenga moja ya mita 46. Mita arobaini na sita! Imening'inizwa kwenye mlingoti kwa kamba, upepo ukivuma yote inatikisika. Huku kwetu ingekuwa imeanikwa nguo kabla hajamaliza kufunga kamba ya mwisho.

Aliyekuja kuunganisha vile vioo viwili alikuwa mwanasheria, Chester Moor Hall, Mwingereza, mwaka 1733. Mwanasheria bwana. Hakutaka siri ivuje, akagawa kazi: lenzi moja kwa fundi huyu, lenzi nyingine kwa fundi yule wa mbali, wasijuane. Mafundi wote wawili walikuwa na kazi nyingi, kila mmoja kwa wakati wake akampelekea George Bass. Bass akajikuta ana lenzi mbili zinazokumbatiana. Siri ikaishia hapo. Hall angeniuliza mimi ningemwambia bure: mafundi wote wa mji mmoja kazi inafanywa na kijana mmoja. Baadaye John Dollond akachukua hataza mwaka 1758, akapata sifa, akapata nishani, na mwanawe akawashtaki mafundi wenzake. Mahakamani ikaonekana kwamba aliyestahili kula matunda ni aliyekitoa kitu hadharani, si aliyekifungia kwenye meza yake. Mwanasheria, kashindwa kwa sheria. Mpwa wangu ananisimulia haya mimi nacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu ninunue hili bomba.

Sikucheka sana, maana akaanza hesabu. Bomba langu lina kipenyo cha milimita 80 na fokasi ya milimita 400. Ukigawa unapata tano. Kuna kanuni inasema ile namba isipungue mara tatu ya kipenyo kwa inchi, ili pindo livumilike. Inchi zangu ni tatu na kidogo. Kwa hiyo nilitakiwa nipate kama tisa na nusu. Nina tano.

"Tatizo ni fupi mno na nene mno, mjomba."

Mama watoto, aliyekuwa anapita na beseni, akasema, "Kama mwenyewe." Akaendelea na beseni lake.

Sasa dawa. Mpwa akasema dawa ya bei nafuu ni filta ya njano. Rangi ya njano inazuia buluu na urujuani, pindo linakosa chakula. Inaskurubiwa kwenye lenzi ya jicho, basi. Mama watoto akasikia filta, akatoa simu: "Filta? Mbona ninazo za bure humu, hata za masikio ya paka." Nikamwambia hizi ni za kisayansi. Akaniangalia kama fundi miwani.

Filta zinakwenda kwa namba. Namba 8, namba 12, namba 15. Mimi nilidhani ni saizi. Nikamwagiza mshkaji anayeleta mizigo kutoka Guangzhou, nikamwambia niletee namba 10, hizo nyingine zitanibana. Akaniuliza miguu ya nani. Kumbe ni namba za filta za kamera za Frederick Wratten, Mwingereza, kampuni yake ikaja kununuliwa na Kodak mwaka 1912, na watu wa nyota wakazichukua zilivyo. Hazina mpangilio wowote wa kumsaidia mtu kama mimi. Namba 11 ni njano ya kijani, namba 12 ni njano, namba 25 nyekundu, namba 58 kijani, halafu ghafla kuna 80A ambayo ni buluu. Nani alipanga hivi? Wasiojulikana.

Mzigo ukafika. Kiboksi cha plastiki, ndani vioo vidogo vya rangi, vya inchi moja na robo, vizuri kweli. Mtoto wangu mdogo akadhani pipi. Tukamnyang'anya kimoja kikiwa tayari mdomoni. Hicho ndicho kilikuwa namba 8.

Hebu nikueleze kuskurubu filta gizani. Kina ukingo wa bati mwembamba wenye nyuzi ndogo sana. Lenzi ya jicho nayo ina nyuzi zake ndani ya shingo. Unavikutanisha kwa kupapasa. Haviingii. Unazungusha kulia, kinakaa upande. Unarudisha kushoto mpaka usikie "tik", hapo ndipo nyuzi zimeshikana, halafu unazungusha polepole. Nikasikia tik. Nikafurahi. Nikazungusha. Kumbe tik ilikuwa kifungo cha shati langu. Filta ikadondoka, ikapiga sakafu, ikabingirika chini ya ndoo ya maji. Nikaitafuta kwa magoti na tochi ya simu, na macho yangu yaliyokuwa yamezoea giza kwa kama nusu saa yakapofuka upya. Nikaipata. Ina alama ya kidole changu, na kidole changu kilikuwa kimetoka kwenye sahani ya mihogo ya kukaanga. Mshtarii ya usiku ule niliiona kupitia mafuta ya alizeti.

Baada ya kuisafisha, nikaona. Kusema kweli inafanya kazi. Namba 8 inapitisha kama asilimia 83 ya mwanga, pindo likapungua, likabaki ukungu mwembamba. Ile mikanda ya Mshtarii ikakolea, ikaonekana mpaka kingo zake. Nikaita watu. Jirani wa vyumba vya nyuma akaja, nikamwonyesha mwezi, akatazama sana, akanyanyuka.

"Mzee, mbona mwezi una homa ya manjano?"

Ndiyo hivyo. Zambarau limepungua, njano imehamia ndani. Na zambarau lenyewe halijaisha! Bado linachungulia. Nikasema tamaa mbele: namba 12. Hiyo inapitisha kama asilimia 74. Pindo likapungua tena, mwezi ukazidi kuugua. Namba 15, asilimia 67. Hapo mwezi ulitakiwa kulazwa. Nikapandisha mpaka nyekundu, namba 25. Pindo limeisha kabisa, hata nukta hakuna. Wala Mshtarii haionekani vizuri, maana hiyo namba inapitisha kama asilimia 14 tu ya mwanga, na ile miezi minne ikabaki miwili ya kubahatisha. Kijani, namba 58, nayo inapitisha kama robo tu, na ndiyo iliyonionyesha mwezi mkali kuliko zote, mashimo yamechongeka, kwa sababu rangi ikibaki moja hakuna wa kugombana naye kuhusu kituo. Lakini ni mwezi wa kijani. Watoto wakakimbia. Nikaweka ya buluu nione. Usiweke ya buluu. Inazuia rangi zote nzuri na kuliachia zambarau njia, pindo likarudi na ndugu zake.

Kwenye boksi la darubini, lile la zamani, kulikuwa na kifilta kingine cheusi kimeandikwa jua. Unakiskurubu kwenye lenzi ya jicho halafu unatazama jua, eti. Hicho, pamoja na ujinga wangu wote, nilikipiga nyundo. Mpwa aliponiambia kinakaa pale pale mwanga na joto la jua vinapokutanishwa, kinaweza kupasuka wakati jicho liko pale, nilishika nyundo kabla hajamaliza sentensi. Hizi za rangi nazo hazikingi kitu, usijaribu kabisa. Filta ya jua inakaa mbele ya bomba, inafunika lenzi kubwa yote, na lazima iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo. Macho yangu yana matatizo ya kutosha na mwanga wa mwezi.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo damu inapopanda. Darubini nimeinunua kwa nini? Ikusanye mwanga mwingi kuliko jicho langu. Filta nimeinunua kwa nini? Itoe mwanga. Yaani nimelipa niongezewe, halafu nimelipa tena nipunguziwe, yule wa tai kala upande mmoja, mshkaji wa Guangzhou kala wa pili. Nikamuuliza mpwa kama hakuna filta inayoongeza. Akasema, "Mjomba, filta zote zinatoa. Kazi yako ni kuchagua unatolewa nini." Ipo ya bei kubwa inayokata urujuani peke yake na kuziacha rangi nyingine karibu zilivyo. Nikauliza bei. Inazidi bei ya darubini. Zipo pia darubini za vioo maalumu, apokromati, zinazokutanisha rangi tatu kituo kimoja, hizo hazina pindo la maana. Bei yake aliitaja kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, mama watoto asisikie.

Mama watoto alisikia. Akaja, akashika mfuniko wa darubini, ule wa plastiki wa kuzuia vumbi, akauliza, "Na hiki kitundu cha nini?"

Sikuwahi kuwa na habari nacho. Katikati ya mfuniko kuna kijifuniko kidogo kinachong'oka, kinaacha tundu la kama sentimita 4. Mimi nilidhani ni la kupumulia, darubini isipate fangasi. Mpwa akapiga makofi. Kumbe ukiacha mfuniko ulivyo ukafungua kitundu tu, lenzi inatumika katikati peke yake, ile tano yangu inakuwa kumi, na pindo linakaribia kuisha, bila njano, bila kijani, bila Guangzhou. Tukajaribu mwezini. Mweupe. Vivuli vyeusi. Zambarau nyuzinyuzi tu. Bure!

Ila mwanga ni robo. Na ukali wa kutenganisha vitu vidogo ni nusu. Nimenunua milimita 80 ili nitumie 40. Mama watoto akasema angejua angenishauri ninunue mfuniko tu.

Kwa hiyo ndiyo maisha yangu hayo. Mwezi: kitundu. Mshtarii: namba 8, na tochi, na magoti. Nyota hafifu: natoa kila kitu, maana hizo hazina mwanga wa kutosha hata kutengeneza pindo la kunikera. Kila usiku nabadilisha mavazi ya hili bomba.

Juzi umeme ukakatika tena na watoto wa mtaa wakajaa veranda. Nikawawekea namba 8, safi, nimeifuta kwa kitambaa chake rasmi. Wakachungulia wawili watatu, kimya. Dada wa genge naye akainama, akatazama, akauliza, "Hii umepaka nini? Iko wapi ile ya rangi?" Ipi? "Ile yenye zambarau. Hii ya njano hata kwenye kalenda ipo." Watoto nao wakadakia: za-mba-rau! za-mba-rau! Nikajaribu kuwaeleza habari ya krauni na flinti. Nikawaeleza Newton alivyonyoosha mikono. Dada wa genge alikuwa ameshaitoa filta mwenyewe, gizani, mara moja tu, wala haikumdondoka.

Foleni ikafika getini. Mama watoto akabandika simu yake kwenye lenzi ya jicho, akapiga Mshtarii na pindo lake lote, halafu akakaa pembeni anaivutavuta ile picha kwa kidole. Nikamuuliza anafanya nini.

"Naweka filta," akasema. "Zambarau ilikuwa haijakolea."

Nikasogea nichungulie na mimi kidogo, kwani darubini si yangu? Mtoto mmoja, hata kiunoni hanifiki, akanigusa mkono kwa heshima zote.

"Shikamoo, babu. Foleni inaanzia kule."